Chombo cha Kambare wa Baba

Mafuriko yalipopungua, Baba alikwenda kuangalia nyumba yake kule kando ya mto, karibu na Kilelengwani. Nyumba haikuwapo. Pale ilipokuwa imesimama palibaki kidimbwi, na ndani yake kambare wanne. Akaja kwangu Garsen kwa pikapu na begi moja, mtumbwi wake, na hao kambare wakiwa hai kwenye ndoo. Mimi nikawasha jiko. Akanikodolea macho.

"Hawa si kitoweo, mama. Hawa ni wapangaji wangu."

Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake, na hulitumia hasa anapotaka nishindwe. Nikashindwa. Kisha akasema jambo lililoninyima raha: wakifa hawa, anarudi kule kujenga upya, peke yake, na miguu yake ile iliyovimba, na mvua nyingine haiko mbali. Baba yangu akisema kitu, amesema. Basi niliwatunza kambare wale kuliko nilivyowahi kumtunza mgonjwa.

Tatizo likawa chombo. Ndoo haikufaa, hilo halikuhitaji mtaalamu. Baba akachagua pipa. Sisi watu wa mtoni maji tunayapima kwa mwili: ya goti, ya kiuno, ya kifua. Pipa lilikuwa la kifua, kwake hilo likawa ziwa. Nami niliyekulia huko huko nikaafiki, mjinga mwenzake. Kumbe kambare hupanda juu kuvuta hewa, na wanne kwenye mdomo ule mwembamba walikuwa wakigombana kutwa. Mmoja akapoteza sharubu. Jumapili tumerudi kutoka kanisani, tukamkuta yule mdogo anaelea, mkia umetafunwa. Baba hakula siku hiyo wala iliyofuata. Begi likatoka chini ya kitanda.

Nikashika simu, nikatafuta mtandaoni. Nikakuta watu wa ng'ambo wanafuga viumbe wa majini wanaoitwa aksolotli, wana miguu minne, mashavuni wameota vitu kama manyoya, na nyuso za kutabasamu bila sababu. Hao nao ukiwabana wengi pamoja hutafunana miguu. Na wafugaji wao wote walisema neno lile lile: usitazame kina, tazama sakafu, kila mmoja apate pa kulala bila kumgusa mwenzake. Nilijiona mpumbavu. Nikazunguka madukani Garsen nzima nikitafuta kitu kipana. Mabeseni ni ya kufulia kanga mbili, na matangi yote yamesimama wima.

Kitu kipana kilikuwa uani kwangu, kimelala kifudifudi kando ya ua, kikingoja kurudi mtoni. Nilimwambia Baba kwa woga. Alinitazama kama nimemtukana.

"Miaka yote nautoa maji mtumbwi huu, leo waniambia niutie?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia samaki wake watakwisha, naye atakwenda kufia kule, na mimi nitabaki na mtumbwi mkavu nikiutazama. Nilijuta hata kabla sijamaliza. Nampenda mzee yule, ndiyo maana namfokea. Yeye akaingia ndani akafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta ameshaupindua mtumbwi, ameutegemeza kwa mawe pande zote mbili chini ya mwarobaini. Alimimina ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalipofunika sakafu ya mtumbwi, mkono wake ukachukua kopo, ukachota, ukainuka kumwaga nje kama ulivyozoea maisha yake yote. Akasimama nalo hivyo hivyo, ameinama. Kisha akayarudisha yale maji ndani, taratibu, akaniambia nimletee kambare.