Jina la Askari Uwanjani

Jumamosi, kwenye mkutano wetu wa wahamiaji hapa mtaa wa East Side, mjini Buffalo, tulikubaliana kwa makofi kuupa uwanja wa mpira jina la kijana wetu, askari aliyepotea vitani. Mama yake peke yake alificha mikono ndani ya kitenge.

“Bon, kwetu jina ya mutu wanaandikaka ku kibao akiisha kufa,” alisema. “Mutoto yangu hayakufa. Mukiandika, munamuzika.”

“Mama, ni heshima tu,” mwenyekiti alimjibu, kalamu mkononi.

“Basi, papa, tuanze na jina yako.”

Mwenyekiti aliiweka kalamu mezani taratibu, akafuta vidole kwenye suruali. Hakuna aliyeigusa tena, hata mimi mwandishi, ninayekula kwa kalamu.