Kiti cha Aliyempigia Kura

Kila Novemba, kampuni ya maduka inapoita mkutano mkuu wa wenye hisa pale Melbourne, mimi hukaa mlangoni nikigawa kadi za kura, na yule mama aliyekuwa dereva wa tramu, zile treni za barabarani, hufika kabla chai haijachemka. Hukaa mbele, mkono wa kushoto ameukunja kama bado kashika breki. Muda wa maswali ukifika huinuka na kumuuliza mwenyekiti, kwa sauti ile ya kutangaza vituo, mbona makeshia wanaondolewa na mashine za kujilipia zinawekwa. Hajawahi kushinda kura hata moja, wala hilo halimsumbui.

Mwaka huu nilimpa kadi nyekundu, ya wageni wasio na kura wala ruhusa ya kuuliza. Alikuwa ameuza hisa zake akanunua vipande vya mfuko mmoja wa uwekezaji unaouzwa kwenye soko la hisa, wenye hisa za makampuni chungu nzima ndani yake.

"Mgeni tangu lini, binti? Kampuni hii si imo humo mfukoni?"

"Imo, mama. Ila anayepiga kura ni msimamizi wa mfuko. Yeye na wakubwa wenzake wa mifuko ya pensheni walishapiga wiki jana."

"Mimi alinipigia upande gani?"

"Hapa mlangoni hatuambiwi hilo."

"Basi nionyeshe alipokaa, nikamsalimie."

"Hao huwa hawaji, mama."

Akaingia. Akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, akamwambia kwa upole kila aliyetaka kukaa hapo, "Samahani, kuna mtu wangu anakuja." Muda wa maswali ulipofika hakuinuka. Watu walisimama hadi ukutani, na kiti kile kikabaki na mkoba.