Kata Moja kwa Mama Theopista

Usimwone Mama Theopista anavyocheka leo. Baada ya uchaguzi alininyima mbege, pombe yetu ya ndizi, karibu mwaka mzima, mimi Vedastus, mteja wake tangu sijaoa. Kosa langu? Nilikuwa upinzani. Alisimika bendera ya chama tawala mlangoni pa kilabu chake, akasema asiyeipenda akanywe kwingine. Digna, rafiki yake tangu kipaimara na kiongozi wa akina mama wa upande wetu, akafungua kilabu ng'ambo ya njia na bendera yake. Nikahamia huko, ingawa mbege ya Digna, Mungu anisamehe, unainywa kama dawa. Hata misibani tuliketi mafungu mawili. Upuuzi mtupu, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Mvua za Aprili zikabomoa mfongo, mfereji wa wazee unaoshusha maji toka msituni hadi vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba huku juu ya Moshi. Zamani tungepanda huko juu na majembe, siku nne kazi imekwisha. Safari hii wao walisema tungoje serikali, sisi tukasema acha serikali iumbuke. Ikafika Septemba, mfereji mkavu, migomba imekunja majani. Theopista amesomesha binti yake uuguzi kwa mbege, na mbege ni ndizi. Mikungu ilipoanza kuanguka kabla ya kukomaa, alijua wiki mbili zaidi bila maji na kihamba chake ndiyo basi tena. Cha Digna vilevile.

Jumapili baada ya misa Theopista akachuma jani la isale, akalipiga fundo, akavuka njia mbele yetu sote. Mchagga akiletewa isale hakatai msamaha. Lakini Digna alilitazama jani lile muda mrefu mno. Mwisho akalipokea, akasema amesamehe, ila bendera ishuke. Theopista akamuuliza, na yako je? Zikashuka zote mbili mchana uleule.

Alasiri wakatuita uani kwa Theopista. Pipa limejaa mbege, kata ya kunywea ni moja, na sharti ni moja: mwenye kata ndiye anayesema, wengine kimya, akimaliza anampa mtu wa upande wa pili. Jamani, kumsikiliza mpinzani wako huku koo limekauka si mchezo! Kata tatu za kwanza ziliishia kwenye lawama. Ya nne ikamfikia Digna.

"Mimi sikutaka mfereji utengenezwe," alisema. "Ukitengenezwa, diwani wenu atakuja kupiga picha."

Akampa kata Theopista. Yeye hata hakunywa.

"Na mimi niliogopa mkiutengeneza nyie mtasema chama changu kimeshindwa. Nimeacha migomba yangu ife kwa sababu ya picha, Digna. Hivi nina akili kweli?"

Digna akacheka, kisha akalia, na sisi wanaume tukainamisha vichwa kwa aibu. Kutoka hapo mambo yakaenda. Tukakubaliana kuanza kazi Jumatatu, bila fulana ya chama wala picha, na kila jiwe libebwe na wawili, mmoja wa chama tawala na mmoja wa upinzani. Mimi nilipangwa na Mzee Sirili, kada wa chama tawala ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu kampeni. Siku ya kwanza nikampa shikamoo, akaitikia, tukabeba.

Alhamisi maji yakashuka. Kihamba cha Theopista ndicho cha kwanza kwenye mfereji, kwa hiyo haki ya kuanza ilikuwa yake, na migomba yake ilikuwa hoi. Tukamwona anainama, anaziba mlango wa maji wa shamba lake kwa gogo la mgomba. Maji yakampita, yakaenda kwa Digna.

Digna alisimama katikati ya migomba yake, maji yakimfika vifundoni.

"Kura yangu huipati!" alimpigia kelele.

"Sijaiomba," alijibu Theopista. "Nimekuletea maji."

Tulipiga vigelegele hadi watu wa ng'ambo ya korongo wakadhani tuna harusi.