Ukuta Wetu Kwenye Laga

Tuliponunua ploti Kiwanjani, laga ile, mkondo wa mto wa msimu, ilikuwa mchanga mtupu, njia ya mbuzi. Maji yalipita mara chache kwa mwaka, mapana na ya kina kifupi, kisha mchanga ukayanywa. Halafu watu tukajenga, huku na huku, kila mmoja akisogea kidogo. Mume wangu naye akajenga ukuta wa mawe, hatua tatu ndani ya laga.

Mvua ya kwanza ilipopiga milima ya Meru, maji yalishuka mchana kwa kishindo. Uwanja wetu ulibaki mkavu. Nilifurahi, sikatai.

Kesho yake nikamwona jirani wa ng'ambo, mama mzee Mborana anayeishi peke yake, akianika godoro lililolowa tope. Nikavuka kumpa pole.

"Zamani maji yalikuwa yanapita kwenu kidogo, kwangu kidogo," akasema, bila hasira. "Sasa yote yanakuja kwangu."

Tangu siku hiyo sikutulia. Wingu likisimama upande wa Meru, naacha ugali jikoni, natoka getini, narudi, natoka tena.

"Hapa jua linawaka," mume wangu akaniambia. "Unahangaika nini?"

"Mvua ya Meru ndiyo inakuja huku."

Jumamosi moja alipokwenda sokoni, nilichukua nyundo yake kubwa nikaanza kubomoa. Mikono ilitoka malengelenge. Aliporudi, nusu ya ukuta ilikuwa chini.

"Umerukwa na akili?"

"Nenda ukaone godoro la yule mama."

Hakwenda. Lakini Jumatatu akaleta fundi, wakabomoa uliobaki na kujenga mwingine karibu na nyumba, hata choo ikabidi kihamishwe.

Mafuriko yaliyofuata yalichukua sukuma wiki yangu yote na banda la kuku. Kwa mama yule tope liliishia kizingitini. Nilidhani sasa nitalala vizuri.

Lakini juzi lori lilimwaga mawe kwenye kona ya juu, pale laga inapopinda. Nimekwenda kumwona mwenye ploti hiyo, kijana mpole, nikamweleza kuwa ukuta wake utawatupia wengine maji.

"Mama, hati yangu inafika hapa," akasema, akinionyesha kigingi katikati ya mchanga.

Nimekwenda mara tatu sasa. Leo mafundi wameanza kuchimba msingi.