Hinde kwenye Kiti cha Bibi Harusi

Hinde Zylberfaden alikuwa mshona makoti wa mji wa Łódź, na kwa kichwa kigumu hakuwa na mpinzani. Alichukua hadithi tatu za bibi yake, zote za mji wa wajinga, akaziunganisha kuwa mchezo mmoja wa nyimbo, kisha akatuita sisi wapiga muziki wa harusi. Mimi ni mpuliza klarineti. Waigizaji wa mjini walitudharau mpaka waliposikia tunavyopiga.

Katika mchezo, wajinga wanaandaa harusi nzima, samaki na keki za asali, ila wanasahau kutafuta bwana harusi. Bibi harusi anakalishwa kitini, fidla inamliza kabla hajafunikwa shela, kama desturi yetu sisi Wayahudi ilivyo. Jumapili ya onyesho, mchana, ukumbi ulikuwa umefurika, na nyuma ya pazia mzee Leizer, mpiga fidla wetu, akaweka fidla chini.

"Sipigi. Miaka arobaini nawaliza mabibi harusi wa kweli. Huyu binti anayeigiza bibi harusi hajaolewa. Nikimliza bure, nitamfunga bahati."

"Mzee, huu ni mchezo tu!" nikamwambia.

"Kamwambie shetani kwamba ni mchezo."

Binti kusikia hivyo, akavua shela akaitupa. Bila wimbo ule hatukuwa na mchezo, na Hinde alikuwa ameupigania miaka miwili. Lakini hakubabaika.

"Nipeni hiyo shela. Mimi niliolewa mwaka wa vita, kwa viazi vya kuchemsha, bila fidla. Leizer, mimi utanipigia?"

"Wewe nitakupigia."

"Una mvi, mama!" meneja wa ukumbi akalalama. "Watatucheka!"

"Si wamekuja kucheka? Hebu sogea."

Watazamaji wakacheka kweli, mpaka Leizer alipoanza. Hinde alituambia atajiliza tu. Wapi! Machozi yalimtoka, mabega yakatikisika, wanawake ukumbini wakaanza kutafuta leso.

Mjinga mmoja akauliza, kama mchezo ulivyotaka: "Jamani, bwana harusi yuko wapi?"

"Yupo! Nipisheni!"

Alikuwa Anshel, mume wa Hinde, mfumaji mpole asiyewahi kupaza sauti hata sokoni. Akapanda jukwaani na kofia yake ya kazini, akamfunika mkewe shela kwa mikono yake mwenyewe, kama bwana harusi anavyopaswa.

"Umechelewa miaka kumi na miwili," Hinde akamwambia.

"Nilikuwa natafuta fidla."

Tukapiga ngoma ya harusi. Mchezo wenyewe ukaishia hapo, na hakuna aliyedai mwisho mwingine.