Salamu ya Kofia

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Gidioni alirudi kutoka kihambani, kwenye shamba lake la migomba na kahawa, na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama mbele ya baraza na kuivulia kofia kamera ndogo iliyofungwa juu ya mlango.

Alikuwa amestaafu ufundi wa maabara katika shule moja ya huko Old Moshi. Mkewe alizikwa pale pale kihambani, upande wa migomba. Binti yao wa pekee, Kindness, alifanya kazi Dodoma, na ndiye aliyefunga ile kamera alipokuja Krismasi. Picha zilipitia kompyuta ya sebuleni, zikamfikia kwenye simu yake.

"Nikikuona asubuhi, baba, siku yangu inakwenda," alisema.

Na kila siku, kabla ya saa moja, ujumbe wake uliingia: Shikamoo baba. Nimekuona.

Jirani yake, Hilda, hakuacha kumtania kupitia uzio.

"Baba Kindness, leo umemwamkia nani? Popo?"

"Namwamkia mwanangu."

"Wa kwangu yuko Sanya Juu hapo tu, na simwoni. Sasa wewe unavulia ukuta kofia."

Mwezi wa nne, siku ya Jumatatu tarehe kumi na saba, Gidioni alikuta mkungu wake wa ndizi mshare umekatwa na kuchukuliwa. Akafungua kompyuta amtazame mwizi. Picha ya mwisho ilikuwa ya tarehe nne.

Alichukua daftari lake. Humo aliandika kila kitu: siku ng'ombe alipopandwa, kiasi cha mvua, dawa ya kahawa. Akalisoma kwa kidole.

"Jumanne, tarehe 4, mchana. Programu ya ulinzi ya kompyuta imejisasisha yenyewe. Imeuliza: mtandao huu ni wa nyumbani au wa hadharani? Hadharani ulinzi ni mkali zaidi. Nimechagua hadharani."

Mtu wa maabara huchagua lenye tahadhari zaidi. Kumbe kwa jibu hilo kompyuta ilikuwa imekifungia mlango kila kifaa cha nyumbani, na kamera ikiwemo.

Kwanza alimhurumia binti yake. Maskini, siku zote hizo haoni kitu, wala hasemi asije akamsumbua baba. Akachukua simu ili amweleze. Ujumbe ulikuwemo, mmoja kila asubuhi tangu tarehe tano. Akauhesabu: kumi na tatu. Nimekuona. Nimekuona. Huenda picha zilikuwa na njia nyingine asiyoijua. Akapiga.

"Kindness, picha inakuja vizuri?"

"Vizuri tu, baba. Nakuona na kofia yako ile ile, kama mwinjilisti."

Kofia ilikuwa imetundikwa juu ya jiko tangu mvua kubwa ianze. Wiki nzima na zaidi alikuwa akijifunika mfuko wa mbolea na kupunga mkono.

"Baba, upo?"

"Nipo. Ni mvua tu."

"Haya, niko kazini. Nitakupigia."

Gidioni aliketi, simu mapajani. Angeweza kumwambia. Kindness angelia, angeomba radhi, angetazama kwa siku tatu nne, kisha wote wawili wangeona aibu na ujumbe ungekoma. Na asubuhi hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa shikamoo.

Akafungua mipangilio, akachagua nyumbani. Baraza likarudi kwenye kioo, na tope, na migomba. Akaandika: "Jumatatu, tarehe 17. Nimerudisha nyumbani. Kamera inaona." Kalamu ikabaki juu ya karatasi kidogo, kisha akaifunika.

Kesho yake mvua ilinyesha bado. Akaitungua kofia juu ya jiko, ikinuka moshi, akaivaa. Aliporudi na majani, akaivua mbele ya kamera na kuishika kifuani. Hilda akapita na ndoo, akamwona, akaendelea na njia yake.

Simu ikalia mlio wa ujumbe mfukoni. Hakuitoa. Aliendelea kusimama, maji yakimtiririka kichwani, isije ikawa leo Kindness anatazama kweli.