Siku ukuta ya kanisa ilikataa kusema tofauti na zero

Hii mambo nimeificha karibu mwaka muzima, na kama nawaelezea leo ni juu nimechoka kuibeba peke yangu: mimi, Espérance wa Karuba, mwenye kusoma informatique, mambo ya kompyuta, Goma myaka tatu, nilipata haya mbele ya kanisa muzima, nikashindwa na kopo tatu za maharagwe.

Mujue kwanza namna nilikuwa naishi. Nilirudi nyumbani kufundisha, na mu kijiji yote hakukukuwa mutu hata moja wa kuzungumuza naye mambo ya programme. Watu wananiheshimu, ndiyo, wananiletea telefone zao zenye kukufa (mi sijui kutengeneza telefone, nasema kila siku, hawasikii), lakini nikisema leo nimepata namna nzuri ya kugawanya programme mu fichiers (mafaili) tatu, mama yangu anajibu "Mungu asifiwe" na anaendelea kumenya mihogo. Kuna siku nilijikuta nabishana na ukuta, na nikaona ukuta iko na haki. Njo maana niliomba préfet wa masomo, mukubwa wa shule yetu, aniruhusu kufungua club ya informatique kila jeudi, siku ya ine ya juma, na yeye akasema, "Mwalimu, onyesha kwanza wazazi hiyo kitu inasaidia nini. Wakiipenda, watoto watakuja." Sikukuwa nataka wengi. Hata watoto watano, nipate tu watu wa kusema nao.

Basi concours ya Biblia ikafika, mashindano ya timu za Karuba, Kingi na Muheto, siku ya Mungu kisha ibada. Nikajitolea kutengeneza programme ya kuhesabu alama na kuzionyesha ukutani na projecteur. Niliiandika mu langage C, fichiers tatu, kila moja na fonction yake (kipande ya programme yenye kufanya kazi moja): moja inaongeza alama wakati nafinya touche ya kompyuta, ya pili inaonyesha alama ukutani, ya tatu inatangaza mushindi. Zote zinasoma fichier ingine ndogo, alama.h, na mule njo niliandika variable yenyewe, tuseme kisanduku ya kuwekea namba za timu tatu. Wakati wa kuunganisha vyote, masini ikakataa, ikaniambia hiyo kisanduku imetengenezwa mara tatu, mara moja kwa kila fichier.

Mutu wa kuuliza alikuwa moja tu, Patient, tulikaa naye banc moja Goma, yeye alipata kazi Walikale. Lakini nilikuwa nimemukasirikia (hakujibu message yangu ya Noël, na mi nikajiapia sitamuandikia wa kwanza tena), basi nikajiambia nitajitegemea. Nikaweka neno moja, static, mbele ya ile mustari ya kisanduku, na masini ikanyamaza. Nikacheza peke yangu mu chumba. Nikajaribu fichier ya kuongeza: inaongeza. Nikajaribu ya kuonyesha, na namba zenye niliandika mule mwenyewe: inaonyesha. Kuzijaribu pamoja sikujaribu, juu batri ilikuwa inaisha na nilikuwa bado kupiga pasi kitenge yangu.

Siku yenyewe kanisa ilijaa mupaka inje, préfet amekaa mbele kabisa. Nikawasha projecteur, ukutani ikatokea KARUBA 0, KINGI 0, MUHETO 0, na watu wakapiga makofi (sijaonaka fasi ingine zero inapigiwa makofi). Pasteur akauliza swali ya kwanza, Muheto wakajibu vizuri, nikafinya touche. Zero. Nikashika câble, nikaangalia tena. Zero. Nikatabasamu sawa mutu mwenye kujua sababu. Swali ya pili Kingi wakajibu, ukuta ikabaki vile vile, na papa moja wa Kingi akasimama.

"Mwalimu, sisi tumejibu ao hatukujibu?"

"Mumejibu, Papa."

"Sasa alama yetu iko wapi?"

Na mimi, badala ya kusema sijui, nikasema masini inazichunga kwanza, itazitoa zote mwisho. Nilisema uongo mu kanisa, tena karibu na altare. Pasteur akaniangalia kidogo, halafu akaita Mama Noella, mukubwa wa wamama, akamuongelesha mu sikio. Mama Noella akaleta kopo tatu na maharagwe mu kitambaa, akaangusha kwanza moja ya Muheto na moja ya Kingi, na kutoka pale kwa kila jibu ya kweli anaangusha haragwe moja mu kopo ya timu. Hakunicheka, hakuniangalia hata. Ile heshima yake iliniumiza kupita kicheko.

Maswali ilienda mupaka ikaisha, na kwa kila jibu mi nafinya touche, Mama Noella anaangusha haragwe, ukuta inasema zero. Kisha Pasteur akanigeukia: "Haya Mwalimu, masini itutolee." Nikafinya touche ya mushindi, na herufi kubwa kubwa zikaandika: WOTE SAWA. PONGEZI KWA TIMU ZOTE. Watu wa Muheto wakaanza kunung'unika, moja akauliza kama ni juu mi ni mutoto wa Karuba. Mama Noella akamwanga maharagwe ya Muheto juu ya meza, akahesabu na sauti mupaka tisa, akahesabu za wengine, hazikufika. Nyimbo ikaanza, watu wote wakatoka nyuma ya Muheto, na mi nikabaki nakunja câble. Préfet akapita pembeni yangu. "Pole, Mwalimu. Mambo ya club tutaangalia."

Kesho yake nilipanda kilima fasi réseau inashika, nikapigia Patient, nikamueleza yote.

"Espé, static inapatia kila fichier kisanduku yake. Yenye unaongeza na yenye unaonyesha hazijuane. Mu alama.h andika extern, ni kusema kisanduku iko fasi ingine, halafu uitengeneze mu fichier moja tu."

"Na ma fonctions? Mbona zenyewe ziliitana bila shida?"

"Fonction ukiitangaza mu .h inatosha. Variable njo inataka extern. Mbona haukuniuliza?"

Nikamuambia réseau ilikuwa mubaya. Ilikuwa mambo ya dakika mbili, wenzangu. Zile alama tisa za Muheto zilikuwa mule ndani, sawa kabisa, fichier moja ilizijua na haikukuwa na wa kuambia.

Jeudi nikaenda mu classe saa nane, juu préfet hakukataza. Nikangojea. Saa nane na nusu nikasimama, nikaandika mustari ya extern ubaoni, nikaanza kuieleza na sauti ya juu, bancs zote ziko tupu mbele yangu. Mama mwenye kufagia ma classe akafungua mulango.

"Mwalimu, uko unafundisha nani?"

"Watoto wamechelewa kidogo, Mama."

Akaangalia bancs, akaniangalia mimi. "Basi ntaanza kufagia kule kwingine," akasema, na akafunga mulango pole pole.

Nimeapa sitanyamazisha tena masini bila kujua inalalamikia nini, na nikikwama nitauliza, hata kama kiburi itaniuma. Na jeudi, saa nane, naendaka bado kufungua ile classe. Nangojea mupaka saa tisa, kisha nafunga.